Nyumba Zimekaa Shaghalabaghala

Nilipoambiwa niandike hali ya makazi ya kitongoji chetu, nilipaswa kukataa. Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilivuta kiti, nikaifuta meza kwa mkono wa shati, nikaandika kwa mwandiko wangu wa shuleni: "Nyumba zimekaa shaghalabaghala."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wakati watu walikuwa bado wanaombwa kuhamia vijiji vya pamoja, kabla ya kuhamishwa. Kitongoji chetu kilikuwa ndani porini, upande wa Kwaluguru, nyumba thelathini na kitu, za miti na udongo, zimeezekwa nyasi. Siku hiyo alikuja kiongozi wa kikosi cha operesheni, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, akauliza kama kuna mtu anayeweza kuandika sentensi ikasomeka. Watu wakanitazama mimi. Ni mimi peke yangu niliyefika sekondari. Kwamba nilishindwa mtihani wa mwisho, hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Alinipa karatasi yenye mistari. Mahali pamoja paliandikwa: Mpangilio wa nyumba.

"Hapo andika unavyoona wewe," akasema. "Wewe ndiye mwenyeji. Mimi mpita njia."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka zaidi ya hamsini, maana yananinyima kisingizio. Hakuniambia niandike nini. Nilichagua mwenyewe. Aliposoma alichekea puani, akarudia kusoma kwa sauti.

"Shaghalabaghala. Umesoma wapi, kijana?"

"Korogwe, mzee."

"Inaonekana. Kijiji kipya kitahitaji katibu."

Neno lile nililipata shuleni. Kwetu nyumbani tulisema Kizigua, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuuziana mbuzi na kuulizana njia. Korogwe ndiko nilikokuta mwalimu wa bweni aliyekuwa akipita asubuhi na fimbo, akitazama vitanda. Shuka likiwa limekunjamana, kiatu kimoja mlangoni kingine chini ya kitanda cha mwenzio, alisimama akasema polepole, kama mtu anayeonja chumvi: "Shaghalabaghala." Kisha fimbo. Nililipenda neno hilo hata lilipokuwa linanichapia miguu. Lilikuwa refu, lilijaza mdomo. Nilijizoeza kulisema peke yangu njiani.

Nje ya madirisha ya bweni lilikuwa shamba la mkonge. Mistari ilianza ukutani kwetu ikaenda mpaka macho yanachoka, kila mche kwa nafasi yake, na kambi za wakata mkonge nazo zimejengwa kwa mistari, mlango unatazama mlango. Nikajifunza kwamba huo ndio utaratibu. Mtu aliyekua akitazama mkonge kila siku huanza kuona kila kisichonyooka kuwa kimeharibika. Niliporudi nyumbani likizo, nikaona njia zetu zinavyopinda bila sababu, nyumba moja imeipa nyingine mgongo, nyingine iko chini ya mteremko inatazama kichaka, niliona aibu.

Baadaye, nikiwa na muda mwingi wa kufikiri, nimelipima neno hilo na ndugu zake. Fujo ina sauti. Ukisikia kuna fujo mahali, unatega sikio. Ghasia ina watu wengi wanaosukumana. Vurugu ina mtu anayeivuruga, na unaweza kumtafuta ukamkamata. Lakini shaghalabaghala haina mtu ndani yake. Ni neno la vitu: nguo, vyombo, karatasi, kuni zilizomwagwa uani. Ni vitu vilivyoachwa na mwenyewe hayupo. Ukilitumia kwa makazi ya watu, umekwisha waondoa watu kabla hajaja wa kuwaondoa. Hivyo ndivyo nilivyofanya, kwa sentensi ya maneno matatu.

Na nilijua. Hili ndilo linaloniuma. Kiongozi wa kikosi hakujua, ila mimi nilijua kwa nini nyumba zetu zilikaa vile.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyenilea baada ya baba kutuacha. Kwetu sisi mjomba ni mtu mzito. Mpwa ndiye anayeshika nafasi yake akifa. Likizo moja, nikiwa kijana mwenye ndevu za kwanza, nilimsaidia kuanza nyumba mpya. Nilidhani tutapima na kuchimba. Haikuwa hivyo. Alisimama mahali alipotaka mlango uwe, akapiga mambo, kigingi cha kushika mahali, akamtuma mke wake aende mlangoni kwa mama yake mzazi, ng'ambo ya korongo, anyanyue ungo juu ya kichwa. Mkewe akanyanyua. Mjomba akauona ungo, mweupe kati ya miti. Akang'oa mambo, akasogea hatua sita kushoto. Mkewe akanyanyua tena. Ungo ukaonekana ukingo. Akang'oa. Tulihama mara tisa. Mkewe kule mikono ikamchoka, akapiga kelele, "Kama hutaki nyumba sema, nirudi nipepete mchele!" Mjomba akacheka. Mara ya tisa ungo haukuonekana kabisa, hata alipochuchumaa, hata aliposimama juu ya gogo.

"Hapa," akaniambia. "Piga mambo."

Mwanamume kwetu hatazamani na mama mkwe wake. Haoni mlango wake, haoni njia yake ya kwenda kuoga. Siyo chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo, kwa sababu yeye ndiye aliyemzaa mkeo. Njia ya kisimani ilipinda mara tatu ili wawili hao wasikutane ana kwa ana, na pale walipoweza kukutana, mama mkwe alikohoa mara mbili. Mjomba akisikia kikohozi hicho aliacha njia, akaingia majani, akachuchumaa amegeuka mgongo mpaka nyayo zipite. Miaka ishirini waliishi hivyo, wakipelekeana maziwa na kuni kwa mikono ya mke, wakipendana sana, kwa jinsi nilivyoona.

Sasa fikiria nyumba thelathini, kila moja imetafutiwa mahali kwa ungo. Mtu akisimama katikati ataona zimekaa ovyo tu. Mimi nilisimama katikati, nikaandika nilichokiandika.

Mama aliniuliza siku ileile. Hakujua kusoma, lakini aliona watu wananipongeza.

"Umeandika nini kwenye karatasi ya yule bwana?"

Nikamwambia.

"Maana yake nini hilo neno?"

Nikahangaika kulitafutia Kizigua, nikakosa. Nikasema, "Ni vitu vimekaa ovyo tu, mama. Havijui pa kukaa."

Alikuwa anachambua kunde. Hakuinua uso. "Nyumba ya kaka yangu haijui pa kukaa?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya ofisini.

Miezi kadhaa ikapita. Nikaitwa kwenda kupima kijiji kipya kando ya barabara, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Siku tatu nilivuta kamba ya katani kutoka mambo moja hadi nyingine, nikafumba jicho moja kuhakikisha imenyooka. Mistari miwili inayotazamana, barabara katikati, hatua kumi na nane kwa upana. Kisha nikagawa viwanja kwenye orodha. Namba witiri kushoto, namba shufwa kulia. Nikafikiri nitende wema: ndugu na wakwe niliwaandika wakifuatana, wasitengane. Mjomba namba kumi na moja. Mama mkwe wake namba kumi na mbili.

Niliona wakati naandika. Kalamu ilisita. Lakini orodha ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata mmoja, na sikutaka kufuta.

Malori yalikuja asubuhi, kabla ya mvua za masika, yamejaa mgambo. Kiongozi wa kikosi alishuka na kipaza sauti. Sauti yake ya upole ilitoka humo imekuwa kubwa na ya bati. "Mmeishi shaghalabaghala tangu enzi za babu zenu," akasema. "Leo mwisho." Alitamka neno langu vizuri kabisa, silabi moja moja.

Watu walipewa muda wa kutoa vyombo. Muda wenyewe haukutosha kutoa mahindi, kwa kuwa kwetu mahindi hukaa darini, juu ya moshi wa jiko, na kuyashusha ni kazi ya kutwa. Kiongozi akanikabidhi kiberiti mbele ya watu wote.

"Katibu, fungua mkutano," akasema, na mgambo wakacheka.

Nyumba iliyokuwa karibu nami ilikuwa jiko la mjomba. Nikawasha.

Nyasi kavu hazichelewi. Moto ulipanda kama kitu kilichokuwa kinangoja kuitwa. Mahindi yakaanza kupasuka darini, tatatata, mazao ya mwaka mzima, na harufu ya bisi ikatanda. Watoto wadogo, ambao hawakuelewa, walisogea wakitaka kuokota. Mwanamume mmoja aliingia ndani ya nyumba yake inayowaka akatoka na gunia. Mgambo akampiga kitako cha bunduki mdomoni, gunia likaanguka, naye akakaa chini akitema meno katika kiganja na kuyaangalia. Bibi mmoja asiyeweza kutembea alitolewa na kitanda chake, wakakiachia upande mmoja, akabingirika. Mbuzi aliyefungwa alisahaulika. Huyo mbuzi alilia muda mrefu.

Mjomba hakubishana na mtu. Aliingia, akaung'oa mlango wa nyumba yake, mbao nzito za mvule alizochonga mwenyewe, akajitwika kichwani, akaanza kutembea. Alinipita karibu. Kiberiti kilikuwa bado mkononi mwangu.

Siku ya tatu katika kijiji kipya, mjomba alikuja kwenye kibanda nilichokiita ofisi.

"Siku hizi ukatibu umekusahaulisha shikamoo?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nina jambo dogo. Mlango wangu unatazamana na wa mkwe."

"Nimeona."

"Umeona?" Akanitazama. "Kama umeona, nikae vipi pale? Asubuhi natoka kuchukua udhu, naye anatoka. Jana alirudi ndani kanga imemwanguka. Mwanamke mzima yule, anakimbia kama kuku."

"Tutazoea, mjomba."

"Nibadilishie namba. Nipeleke kule mwisho, mtu wa ishirini na tisa aje kwangu. Nimesema naye, amekubali. Ni wino tu."

"Orodha imeshapigwa muhuri."

"Muhuri anao nani?"

Ulikuwa mezani, kati yetu. Nikasema, "Nikibadilisha yako, kesho watakuja wote. Tutarudi kuwa shaghalabaghala."

Kisha akainuka, akavaa kofia yake. "Sawa, katibu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Alifanya alivyoweza. Akaziba uwazi wa mbele kwa udongo, akatoboa ukuta wa nyuma, akapachika mlango wake wa mvule huko, ukawa unatazama pori. Kwa siku nne mambo yakawa mazuri. Nilimsikia akiimba kaswida huko nyuma, akimwaga maji. Lakini amri ilisema milango yote itazame barabara. Kiongozi wa kikosi alipopita akaona nyumba isiyo na mlango, akauliza kama humo mnaishi fisi. Mgambo wakaupigilia misumari ule wa nyuma, wakabomoa udongo wa mbele. Kesho yake mjomba hakuwepo.

Alipotea majuma mawili. Kiongozi aliniita.

"Huyu siyo mkaidi tu. Huyu ni mleta vurugu. Mmoja akiachwa, wote watarudi porini. Nani anajua alipo?"

Ningesema sijui. Mke wake aliulizwa akasema hajui, na alijua. Mama aliulizwa akasema hajui. Mimi nilijua bila kuambiwa. Nilijua hatua kwa hatua, mambo ya tisa, pale ambapo ungo hauonekani hata ukisimama juu ya gogo.

"Najua," nikasema.

Tukaenda asubuhi, mimi mbele, mgambo wanne nyuma. Kitongoji kilikuwa majivu na kuta nyekundu. Majani yalikwisha anza kuota ndani ya nyumba. Mjomba alikuwa amejenga kibanda kidogo palepale, na alikuwa anapalilia mihogo. Alituona, akaegemeza jembe.

"Karibuni," akasema. "Maji yapo kwenye mtungi."

Mgambo wakanywa. Mmoja wao, kijana wa kutoka mbali, akajifuta mdomo, akamwuliza, "Mzee, hivi kweli unamwogopa mama wa mkeo kuliko serikali?"

"Serikali sijaoa binti yake," mjomba akajibu.

Mgambo wawili walicheka, ikawaponyoka tu. Kwa sababu ya kicheko hicho yule kijana akampiga. Alimpiga kwa kitako cha bunduki tumboni, na mjomba alipoinama akampiga mgongoni, chini ya mbavu, mahali pale pale mara tatu. Wenzake nao wakaingia, maana walikwisha ona haya kucheka. Wakampiga kwa mateke, kwa fimbo za mipera walizokata njiani. Alijikunja akauficha uso. Mlio wa kiatu kwenye mgongo wa mtu si mkubwa; ni kama mtu anayekung'uta mkeka. Nilisimama nikiwa nimeishika kofia yake iliyoanguka. Nilisema, "Basi, inatosha." Nililisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa.

Kutoka pale mpaka kijijini ni saa mbili kwa mtu mzima. Sisi tulitumia zaidi ya nne. Alianguka mara nyingi. Kila alipoanguka alipigwa, kila alipopigwa alichelewa zaidi kuinuka. Njiani msuli aliojifunga kiunoni ulichanika kwa miiba, na walipomfikisha yule kijana akauvuta wote, akautupa. Mjomba wangu, mtu wa swala tano, akawa uchi barabarani, na jua liko utosini.

"Mfungeni kwenye nguzo yake," kijana akasema. "Atazame mbele. Aone kama macho yanaua."

Wakamfunga kwa katani kwenye nguzo ya kibaraza cha namba kumi na moja. Mbele yake, hatua kumi na nane nilizozipima mimi, ulikuwa mlango wa namba kumi na mbili, umefungwa. Mama mkwe alikuwa ndani. Nyumba ile haikuwa na mlango mwingine, kwa kuwa amri ilikataza.

Kijiji kizima kilijua. Wanaume waligeuza nyuso. Wanawake waliingia ndani. Mkewe alikimbia na kanga amfunike, akasukumwa akaangukia mawe. Kisha kukawa kimya, na katika kimya kile, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, tukasikia kikohozi. Mara mbili. Kilikuwa kile kikohozi cha njia ya kisimani, cha kumwambia mtu geuka, napita. Baada ya kitambo kikaja tena. Yule bibi alikuwa na shida ya kutoka, au alikuwa na kiu, au hakujua kwamba mwenzake amefungwa. Mpaka leo sijui. Mjomba alisikia. Nilimwona mabega yakijaribu kugeuka. Kamba ikamkata. Akafumba macho akainamisha kichwa, ndiyo heshima pekee iliyokuwa imemsalia, na damu ikamtoka puani ikadondokea miguuni. Kikohozi kiliendelea mchana kutwa, kikififia.

Mama alikuja kunitafuta. Nilikuwa nimesimama karibu na ofisi.

"Mfungue mjomba wako."

"Mama, siyo amri yangu."

"Njia ya kuwapeleka uliijua. Fundo hulijui?"

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesoma, yeye asiyejua kusoma. Kisha akaenda mwenyewe. Alivuka barabara taratibu, akapiga magoti nyuma ya nguzo, akaanza kufungua fundo kwa kucha na meno. Yule kijana mara ya kwanza alimwambia aondoke, na mara ya pili akashusha bunduki kwa nguvu juu ya mkono wake. Niliusikia mfupa nilipokuwa. Mama hakupiga kelele. Alihamia mkono wa pili, akaendelea na fundo.

Nilikuwa hatua thelathini. Nilikuwa na nguvu zangu zote, na miguu miwili mizima. Sikwenda. Watu wengine walikwenda; wanawake watatu, kisha yule mtu aliyevunjwa meno, kisha wengi, wakajaa kati ya nguzo na mgambo, wakamfunika kwa miili yao mpaka fundo likafunguka. Mgambo walipiga ovyo, kisha wakaona watu ni wengi, wakarudi nyuma kwenye lori. Kiongozi wa kikosi alipofika jioni na kuambiwa, alikunja uso tu, akasema mambo hayo yaishe, mzee apelekwe anakotaka. Aliniuliza kama orodha yangu iko sawa. Nikasema iko sawa.

Mjomba alitaka Mashewa, kwa jamaa wa mkewe. Walimbeba kwenye machela. Alikuwa anakojoa damu. Aliishi huko hadi mahindi ya mwaka ule yalipoanza kubeba, akafa kwa maumivu yaleyale ya mgongo. Mama mkwe wake alihamishwa akapelekwa kwa mwanawe mwingine, na wanasema hakutoka nje tena mchana, kila mlango aliouona mbele yake aliukoholea.

Habari ya msiba niliipata kwa mtu wa njiani. Nilipofika Mashewa walikuwa wamekwisha mtoa nyumbani. Mpwa ndiye anayeshuka kaburini kwetu, anampokea mjomba wake mikononi, anamlaza. Kaburini alikuwa ameshuka mtu mwingine, jirani ambaye hata si wa ukoo. Niliposogea, mama aliinua mkono wake uliopona kombo akauweka kifuani kwangu. Hakunisukuma. Aliuweka tu, mpaka nikarudi nyuma.

Ukatibu nilikaa nao miaka minne. Kijiji kile baadaye kilitawanyika. Watu walirudi mmoja mmoja kwenye mashamba yao, wakajenga walivyotaka, na hakuna aliyekuja kuwauliza. Kuna siku nilikwenda kumwomba msamaha mke wa mjomba. Alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema yeye amesamehe, lakini msamaha wa mama yangu hawezi kuutoa yeye. Nilikwenda kwa mama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. "Shikamoo, mama," nasema mlangoni. Hakuitika. Aliishi miaka kumi na tisa mingine, akilima kwa mkono mmoja na nusu, na katika miaka hiyo yote hakuitikia salamu yangu wala hakula chakula kilichotoka nyumbani kwangu. Alipokaribia kufa aliwaita wadogo zangu wawili. Mimi nilikaa nje ukutani, nikawasikia wakiitika, "Naam, mama," "Naam, mama." Jina langu halikuitwa.

Kwa kukubali kuiandika ile karatasi nilimuua mjomba aliyenilea, nikauvunja mkono wa mama yangu, na tangu siku ile sikuwa na mama.